Wiki nzima Tenby (Wales) na watoto watatu plus mama mkwe, tutaweza kweli?

mama_nasra
Asalam aleykum na habari zenu wote. Naomba ushauri kwa yeyote ashawahi kwenda. Sisi tunakaa Reading, watoto watatu, wa kwanza 11, wa pili 7 na huyu wa mwisho mwaka na nusu bado wa kwenye kigari, na mwaka huu mama mkwe atakuwa kwetu toka Julai mpaka Septemba, ana miaka 68, goti linamsumbua ila ole wako umwambie goti linamsumbua. Sasa baba watoto kang'ang'ania twende baharini Agosti, mahali panaitwa Tenby huko Wales, kaona zile picha za nyumba za rangi rangi juu ya bandari ndogo basi kashapenda, kila siku linki, saa sita za usiku mtu ananitumia linki na tumelala kitanda kimoja.

Mi nikicheki hali ya hewa ya huko naona mawingu na mvua. Karavani aliyoiona ni pauni 1,150 kwa wiki ya pili ya Agosti, karavani hiyo hiyo katikati ya Septemba ni 480! Nikamwambia tusubiri basi Septemba akanijibu na shule je. Nataka kujua kama kweli panafaa kwa mzee na mtoto mdogo, bahari yenyewe inaogeleka au ni ya kutazama tu, chakula tutakula nini, na pia watu wa huko wakoje maana ni kamji kadogo na sisi tukishuka pale weusi sita na mama na baibui lake hatutapotea machoni mwa mtu. Niambieni ukweli msinifiche.

JembeHalimtupi
Pauni 1,150 kwenda kulala ndani ya bati mvua inapiga juu? Dada ongeza kidogo uende Uhispania upate jua la uhakika. Mi bahari ya Uingereza nilishainawa mikono, niliingiza mguu mmoja ukarudi na rangi nyingine.

Kipepeo82
@JembeHalimtupi tiketi za ndege za watu sita mwezi wa nane unazijua wewe? Halafu mama mkwe atakuja na viza ya matembezi ya Uingereza, Uhispania lazima aombe viza nyingine ya Schengen, foleni yake hiyo mpaka Agosti ipite. Tuwe tunasoma swali jamani.

Dada mama_nasra, sisi tumeenda Tenby mara mbili, mara ya kwanza tukakosea kila kitu, mara ya pili tukafaidi, kwa hiyo ntakwambia kutokana na makosa.

Kwanza njia. Kutoka Reading mmebahatika, mnaingia M4 mnanyoosha mpaka inapoishia, mnapita daraja la Severn (lilikuwa la kulipia wakafuta Desemba 2018, sasa bure), mbele ya Swansea M4 inakwisha mnashika A48 mpaka Carmarthen, halafu A40, halafu A477. Kama saa nne za barabarani ukiwa na bahati, Jumamosi ya Agosti ondoa hiyo bahati. Karavani nyingi unaweza kuingia Ijumaa au Jumatatu, chagua Jumatatu, sisi tulienda Jumamosi tukakaa kwenye foleni mpaka mtoto akatapika, akamaliza wa kwanza akaanza wa pili. Na mwambie dereva wako ndani ya Wales barabara nyingi za mitaani ni maili 20 kwa saa toka Septemba 2023, kamera zipo. Utaona pia barabarani kumeandikwa ARAF kwa herufi kubwa nyeupe, mume wangu alifikiri ni jina la kijiji, akawa anasema mbona hiki kijiji hakiishi, kumbe ni Kiwelisi maana yake punguza mwendo.

Treni pia inawezekana, treni ya Swansea inasimama hapo hapo kwenu Reading, mkifika Swansea mnabadilisha ile inayokwenda Pembroke Dock, inashusha Tenby kabisa na kituo kipo karibu na ufukwe. Wa chini ya miaka 5 hakati tiketi, na ile kadi ya familia inapunguza thuluthi kwa wakubwa na asilimia 60 kwa watoto. Ila kigari na mizigo na mama na goti, mi ningeenda na gari.

Ukifika, gari usiingie nalo mjini. Mji wa zamani umezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 13, vichochoro vyembamba, na wakati wa kiangazi mchana wanafunga magari yasiingie ndani ya ukuta, kuanzia saa tano asubuhi mpaka jioni. Raha ya watoto hiyo wanakimbia tu, ila kama hujui utazunguka kama kishada.

Sasa hapa ndo pa kumfikiria mama. Zile nyumba za rangi unazoziona kwenye picha ziko JUU ya mwamba, na mchanga uko CHINI. Kila ufukwe unashuka kwa ngazi au mteremko. North Beach ndo ile ya picha, ina jiwe kubwa limechomoza katikati ya mchanga linaitwa Goscar Rock, nzuri sana ila kupanda kurudi juu na kigari mkono mmoja na ndoo na taulo zimelowa mkono wa pili, jua linakuchoma mgongoni (ndio, jua, lipo), nilimkumbuka mama yangu. South Beach ni ndefu zaidi na kuna maegesho karibu. Kuna pia viti vya magurudumu vya mchangani, matairi yake manene kama maboya, vya kuazima, ila inabidi kubuku kabla.

Na Septemba sahau. Kwenu England faini ya kumtoa mtoto shule ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa 160. Nyie wazazi wawili watoto wawili wa shule, hiyo ni 320 tayari na barua ya shule juu.

mzee_wa_bamvua
Bi mama_nasra, shikamoo ya mama mkwe nifikishie. Naona mnaongelea barabara na karavani, kitu chenyewe hamjakigusa. Ukienda pale ratiba yako haipangwi na saa, inapangwa na MAJI.

Tenby inatazama Bristol Channel, na huo mlango wa bahari umekaa kama faneli, mpana nje, unabana ukienda ndani. Maji yakisukumwa kutoka bahari kuu yanakosa pa kwenda yanapanda. Kule ndani mwisho karibu na mto Severn bamvua, yaani zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, linafika kama mita 14, ni katika makubwa kabisa ya dunia hii. Tenby haifiki huko lakini mita saba na zaidi siku za bamvua utaziona kwa macho yako, yaani urefu wa nyumba ya ghorofa mbili unakuja na kuondoka mara mbili kwa siku. Asubuhi unaona mashua zinaelea bandarini, mchana mashua hizo hizo zimelala ubavu mchangani, watoto wanazizunguka na ndoo.

Na jambo ambalo wageni wengi hawalijui: pale siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji hukupwa katikati ya mchana, saa saba saa nane hivi. Ndo siku za kwenda na watoto, ufukwe unakuwa kiwanja cha mpira, unatoka North Beach unapita mchangani mpaka bandarini. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ni kinyume, mchana ndo yanajaa, ufukwe unakuwa mwembamba na kila mtu amekaa mapajani mwa mwenzake. Kwa hiyo kabla hujalipa hizo pauni 1,150 angalia mwezi! Sitanii. Chukua wiki ambayo bamvua linaangukia katikati.

Lakini bamvua hilo hilo ndilo linaloua. Maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele tu, yanajaza mabonde ya mchanga nyuma yako wewe umekaa kwenye tuta unapiga picha. Watu wanatembea kuzunguka mwamba maji yakiwa nje, wanarudi njia haipo. Mbele ya Castle Beach kuna kisiwa kidogo cha St Catherine's, juu yake ngome iliyojengwa miaka ya 1860 kwa kuwaogopa Wafaransa, maji yakipwa unakwenda kwa miguu mikavu, yakijaa ni kisiwa kweli kweli. Huyo wako wa miaka 11 ndo rika la kusema "nakuja sasa hivi". Nunua kijitabu cha majira ya maji, ni bei ya soda, bandika kwenye friji ya karavani. Ogeleeni katikati ya zile bendera nyekundu na njano, hapo ndo waokoaji wa RNLI wanapaangalia, bendera nyekundu tupu maana yake hakuna kuingia. Likitokea la kutokea piga 999 useme Coastguard, usiseme polisi.

mama_nasra
Heh. Mzee umenitisha na umenifundisha kwa pamoja. Nimesoma kwa sauti mama mkwe akawa anaitikia kwenye simu "ee, ee, kweli", baadaye akasema huyo mtu anayajua maji. Baba watoto kashafungua kalenda ya mwezi.

Kipepeo ile hesabu ya faini imenimaliza. Agosti basi.

Bado chakula, na watu. Na binti yangu wa 7 kasikia kuna wale ndege wenye mdomo wa rangi, puffin, anataka kuwaona amekaza hataki kitu kingine.

dada_wa_swansea
Mi naishi Swansea mwaka wa tisa sasa nijibu mimi.

Puffin mwambie mapema asije akalia njiani. Wanakaa kisiwa cha Skomer, huko upande wa magharibi zaidi wa Pembrokeshire, na wanaondoka kurudi bahari kuu mwisho wa Julai mwanzo wa Agosti. Wiki ya pili ya Agosti utakuta mashimo yao tu. Badala yake mpeleke kisiwa cha Caldey, boti inatoka Tenby yenyewe, dakika 20 hivi, na mkibahatika mnaona sili wamejilaza kwenye miamba. Kisiwa ni cha watawa, wanaume, wa shirika la Cistercian, wapo pale toka 1929, na wanatengeneza chokoleti na manukato wanauza. Chokoleti ya watawa, mwanangu mpaka leo anaongelea. Jumapili boti haziendi, wanasali, msipange siku hiyo. Na hapa namuunga mkono mzee, maji yakiwa yamejaa boti inaondokea bandarini, yakipwa inaondokea Castle Beach, unatembea mchangani halafu unapanda kwenye gati la kuelea. Kwa goti la mama nendeni yakiwa yamejaa.

Chakula: halal pale Tenby msitegemee sana. Karavani ina jiko, bebeni nyama yenu kutoka Reading kwenye boksi la barafu, mkiishiwa Swansea mnapita njiani bucha zipo. Samaki na chipsi kila kona ila ULIZENI kwanza wanakaanga kwa mafuta gani, baadhi ya maduka wanatumia mafuta ya ng'ombe, na huwezi kujua kwa kuangalia. Wakikwambia ya mimea kula kwa amani. Na mkila nje mtegee ukuta mgongo, wale shakwe wa Tenby si ndege wale ni vibaka. Wanakuja kwa nyuma kimya kimya.

Watoto watataka kuvua kaa bandarini, kamba na kijiwavu na ndoo, madukani wanauza seti. Kila mtu anatumia kipande cha nyama ya nguruwe kama chambo, nyie tumieni kichwa cha samaki, kaa hana ubaguzi. Mkimaliza wanarudishwa majini.

Kuhusu watu, nikwambie ukweli. Watawaangalia, hasa siku ya kwanza, siwezi kukudanganya. Mimi sijawahi kutukanwa pale, nilichokutana nacho zaidi ni vibibi kunisimamisha kuongea, mtoto ana miezi mingapi, anakula vizuri, mmetoka wapi, unakuta dakika 20 zimepita barafu ya mtoto imeyeyuka mkononi. Jifunzeni "diolch", ndo asante yao, inatamkwa na ile kh ya koo mwishoni kama ya Kiarabu, mama mkwe ataiweza kuliko nyie wote. Ila upande ule wa Tenby Kiwelisi hutakisikia sana mitaani, Kiingereza kimekuwa pale toka zama za Wanormani. Mabango ndo lugha mbili, Tenby yenyewe wameandika Dinbych-y-pysgod, yaani kaboma ka samaki.

Halafu ushauri ambao hujauomba: kama hujalipa bado, angalia karavani za upande wa Saundersfoot, maili tatu tu toka Tenby. Pale kijiji na maegesho na mchanga viko usawa mmoja, hakuna ngazi. Na kuna njia imesakafiwa ya kutoka pale mpaka Wiseman's Bridge kando ya bahari, inapita ndani ya matanuri... sorry MAHANDAKI (simu hii) ya reli ya zamani ya makaa ya mawe. Kigari kinateleza tu, na mama atatembea bila kujua katembea. Tenby mnakwenda mchana mnarudi.

JembeHalimtupi
Maji digrii ngapi hayo Agosti?

dada_wa_swansea
16, 17. Ukiingia unapiga kelele, baada ya dakika mbili unazoea. Watoto wavalishwe zile suti nyeusi za mpira watakaa majini mpaka uwatoe kwa nguvu. Sisi wakubwa tunakaa nyuma ya pazia la upepo na chupa ya chai.

mzee_wa_bamvua
Nyongeza moja. Kuna kasamaki kadogo kanajifukia mchangani kwenye maji mafupi hasa yakipwa, mgongoni kana miiba ya sumu. Ukikanyaga utasikia kama umechomwa na pasi. Dawa yake si barafu, ni maji ya MOTO, moto kiasi cha kuvumilika usije ukamuunguza mtoto, mguu ukae humo mpaka maumivu yapoe, nusu saa hivi. Waokoaji pale wanajua, waambieni. Au vaeni viatu vya majini yaishe.

Kipepeo82
Na siku ya mvua, itakuwepo, nendeni Folly Farm karibu na Kilgetty, wanyama wapo na michezo ya ndani ya zamani ya bembea na farasi wa kuzunguka, iko chini ya paa. Au ngome ya Pembroke, alizaliwa Henry wa Saba pale 1457, watoto wanapanda minara. Huyu wa 11 kama anachukia hesabu mwambie aliyebuni alama ya sawa sawa, zile mistari miwili, ni Robert Recorde mzaliwa wa Tenby, aliibuni 1557. Wangu aliuliza amezikwa wapi akamlaumu.

mama_nasra
Wapendwa tumerudi jana usiku, nguo ziko kwenye mashine ya tatu na mchanga bado unatoka sijui unatoka wapi.

Tulichukua Saundersfoot, pauni 1,040, wiki ya bamvua, baba watoto alipiga hesabu ya mwezi kama anaandaa harusi. Siku mbili mvua, moja ya kumwagika kweli tukaenda Folly Farm pamoja na Wales nzima. Siku tano jua na upepo, baibui la mama liliruka kama tanga. Karavani yenyewe sitasema ya nani, picha ilionyesha bahari na kweli bahari ipo, ukisimama juu ya choo ukichungulia dirishani.

Caldey tulienda Jumatano maji yamejaa kama mlivyosema. Mama alikaa na mtawa mmoja mzee dukani, Kiingereza chake maneno kumi, la mtawa lafudhi siielewi mie, wameongea nusu saa, sijui waliongea nini, karudi na chokoleti nne za bure. Shakwe alichukua samaki mzima mkononi mwa baba watoto, si wa mtoto, WA BABA WATOTO, aliyekuwa anatuhadithia jinsi ya kujikinga na shakwe.

Mzee sasa sikiliza. Alhamisi tuko Tenby North Beach, huyu wa 11 na wenzake wa pale wameenda nyuma ya mwamba kutafuta kaa, simu ya baba inasema maji bado saa nzima na zaidi. Mama kakaa kwenye kiti anaangalia tu mchanga, ghafla anasema "mwiteni mtoto". Baba akamwambia mama bado muda. Akasema tena "mwiteni, mchanga umebadilika rangi kule". Akainuka MWENYEWE na hilo goti akaenda mpaka kwenye jiwe akaita kwa jina. Walirudi maji yakiwa vifundoni, robo saa baadaye pale walipokuwa pamejaa. Baba watoto alikuwa anasoma majira ya siku ya kesho yake.

mzee_wa_bamvua
Mama huyo ni wa wapi? Huo mchanga kubadilika rangi hauandikwi kwenye kijitabu.

mama_nasra
Binti wa mvuvi, mzee. Anasema na wewe unaonekana ni mtoto wa mvuvi, na shikamoo yako kaipokea, marahaba.